Ndege ya Kale, Roho ya Nani?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize swali ambalo huenda hakuna mwalimu wa uraia aliyewahi kukuuliza. Nchi isiyo na hela nyingi ikitaka ndege za kivita, ichukue chache za kisasa, zile zinazokwepa rada, au ichukue nyingi za kizazi cha nyuma? Na ikichukua za kizamani kwa sababu ni rahisi, ule urahisi analipa nani?

Usinicheke. Najua sisi wa Ngokolo usafiri wetu mkubwa ni daladala za baiskeli. Lakini jambo hili tumelibishania kijiweni wiki nzima, na mimi ninayejiita mwandishi wa riwaya (riwaya yenyewe bado iko kwenye kaunta buku) nimeona nisiliache lipotee hivi hivi na moshi wa sigara.

Wenzangu wengi walikuwa upande wa ndege za kukwepa rada. Wanaziongelea kama majini, eti hazionekani kabisa. Sivyo. Rada hurusha mawimbi, yakigonga kitu yanarudi na kumwambia mwenyewe kuna nini huko. Ndege hizi zimechongwa ili mawimbi yakizigonga yaruke pembeni badala ya kumrudia aliyeyatuma. Juu yake zimepakwa kitu kinachomeza sehemu ya mawimbi, na silaha zimefichwa tumboni. Kila kimoja kati ya hivyo kina deni lake. Tumbo lina nafasi ndogo, kwa hiyo silaha ni chache. Ule mpako unataka kutunzwa kama yai. Marekani yenyewe ilikusudia kuunda F-22 zipatazo 750, ikaishia na 187 za kazi, na ya mwisho ilitoka kiwandani Desemba 2011. Mwaka 2021 jeshi lao likaanza kupokea F-15EX, ndege ambayo babu yake aliruka mara ya kwanza mwaka 1972. Haikwepi rada, lakini inabeba mzigo wa kutosha. Kumbe hata tajiri hurudi kwenye mshono wa zamani, ingawa kitambaa ni kipya.

Halafu kukwepa si kutoweka. Usiku wa tarehe 27 Machi 1999, huko Serbia, kikosi kilichoongozwa na Zoltán Dani kiliiangusha F-117 ya Marekani kwa kombora la S-125, silaha ya Kisovieti ya miaka ya 1960. Walikuwa na rada ya zamani ya mawimbi marefu, ambayo mtu wa kisasa angeiita chuma chakavu. Ile ya kulengea waliiwasha kwa sekunde chache tu kisha wakaizima, na kambi yao waliihamisha kila mara ili isipigwe. Ukiangalia sana utaona kwamba pale haikushinda mashine. Walishinda watu waliofundishwa, wakarudia mazoezi mpaka yakawaingia mwilini.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna mfano wetu wa karibu zaidi. Katika Vita vya Kagera, mwishoni mwa Machi 1979, Libya ilituma ndege aina ya Tu-22 kumsaidia Idi Amin. Lilikuwa dege kubwa lenye mwendo wa kupita sauti, na lilitakiwa lipige ghala la mafuta Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Swala, jamani! Na ndege za Amin mwenyewe, za MiG, ziliangushwa na askari wetu wa miguuni waliobeba makombora begani.

Kwa hiyo mpaka hapo mimi nilikuwa upande wa ndege za kale, na bado nipo. Nchi inayolinda nyumba yake haihitaji sana chombo cha kunyemelea nyumba ya mwenzake usiku. JWTZ limezoea ndege za ukoo wa J-7, ambazo ni nakala ya Kichina ya MiG-21, na MiG-21 iliruka mara ya kwanza miaka ya 1950. Mafundi wanazijua. Sawa.

Lakini hapa ndipo hoja yetu sisi wapenda vya bei nafuu huishia, na hapa ndipo mimi inaponikosesha usingizi.

Kuna kijana mmoja wa daladala za baiskeli, simtaji, baiskeli yake haina breki. Anasimama kwa kukandamiza tairi na soli ya kandambili. Ukimuuliza anakwambia breki ni hela, halafu yeye ni fundi wa kusimama. Na kweli ni fundi, sijawahi kumwona akianguka. Ila siku moja nilimwona amempakia mama mwenye mtoto mgongoni, wanakatiza barabara wanayopita malori, nikajiuliza: akiba ya breki iko mfukoni mwa nani, na hatari yake imekaa kwenye keria na nani? Yule mama alilipa nauli kama abiria wengine. Kuhusu breki hakuulizwa.

Sasa chukua India. Mwaka 2012 waziri wao wa ulinzi aliliambia bunge kwamba kati ya ndege 872 za MiG za aina mbalimbali walizowahi kununua, zaidi ya nusu zilikuwa zimeanguka, na marubani 171 wamekufa. MiG-21 ya mwisho waliistaafisha Septemba 2025. Watu husema ziliua kwa sababu ni nzee, na wanakosea nusu. Ile ndege ina injini moja, na hutua kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Vijana walikuwa wakitoka kwenye ndege za kujifunzia za mwendo mdogo wanapandishwa humo. Ndege ya kati, ya kuwazoesha, iliombwa kwa miaka mingi, na zile za Hawk zikaingizwa rasmi jeshini mwaka 2008. Hiyo ndiyo breki isiyonunuliwa.

Mtu atasema, rubani ni askari, ameapa kufa. Hapana bwana. Ameapa kumkabili adui. Hakuapa kupambana na bomba la mafuta lililochakaa, wala na afisa aliyekata bajeti ya vipuri ili hesabu ipendeze.

Ndege ya kukwepa rada nayo ina kesi yake ya kujibu. Juni 2025 Marekani ilipeleka ndege 7 za B-2 kuipiga Iran, zikarudi nyumbani salama zote. Anayepiga akiwa hana cha kupoteza, vita vinakuwa vyepesi mno kuanza. Sisemi rubani afe ili mambo yawe sawa. Nasema tu kwamba hatari ikimtoka huyu haipotei hewani, inahamia kwa mwingine.

Na anayeihamisha ni nani? Mwaka 2011 Uganda ilinunua ndege 6 za Su-30 kutoka Urusi. Pamoja na silaha zake, bei ilikuwa karibu dola milioni 740, na hela zilitoka Benki Kuu kabla Bunge halijaidhinisha. Su-30 haikwepi rada, ila ununuzi wake ulilikwepa Bunge. Tusiwacheke, maana na sisi tulikuwa na rada yetu ya BAE Systems ya pauni milioni 28, iliyopigiwa kelele hadi Uingereza kwamba ni ghali mno kwa nchi kama yetu. Kampuni ikaja kukiri mahakamani mwaka 2010 kwamba haikutunza vizuri kumbukumbu za hesabu, ikakubali kutoa pauni milioni 29.5, na chenji hiyo ikaenda kwenye vitabu na madawati. Siri ya mahali rada ilipo naielewa. Siri ya bei siielewi.

Basi kijiweni nikawaambia: chukueni ndege ya kale, lakini katika hesabu hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, andikeni na ndege ya kujifunzia, vipuri, mshahara wa fundi, kiti cha kumrusha rubani nje kilichopimwa na kikafanya kazi, na saa ambazo kila rubani ataruka kwa mwaka. Mbunge aulize hizo saa. Zikipungua, aulize kwa nini.

Mshikaji mmoja akanikatiza, "Sasa ukijumlisha makorokoro yote hayo, si inakaribia bei ya mpya?"

Haifiki. Lakini inakaribia kuliko tunavyopenda kuambiwa. Na kama nchi haiwezi kulipa hata hiyo, basi ndege ikae chini, na kijana apewe kombora la begani kama wale wa Kagera.