Sauti ya Kuazima

Mpwa wangu alikuja nyumbani Jumapili moja jioni, simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Sikiliza hii kwanza, halafu uniambie." Kijana huyu alimaliza kidato cha nne hapa hapa Ifakara. Mchana anaendesha bodaboda kati ya stendi na Kibaoni, na usiku anachana. Ndivyo wanavyosema wenyewe: hawaimbi, wanachana. Rafiki yake ana chumba chenye kompyuta moja na maikrofoni moja, kuta zimezibwa kwa magodoro ya zamani, nacho wanakiita studio.

Nikasikiliza. Ilianza ngoma, nami nikayatambua mapigo ya sangula, ngoma ya Wapogoro ambayo dada yangu, mama yake kijana huyu, aliicheza sana katika usichana wake. Juu ya ngoma ikaingia sauti ya mwanamke wa Kihindi, nyembamba na ndefu, iliyokatwa kipande kifupi na kuzungushwa tena na tena. Kisha akaingia mwenyewe na mistari yake juu ya madalali wanaonunua mpunga ungali shambani, mwezi wa njaa, kwa bei ya kutupa. Maneno yalikuwa mazuri na ya kweli. Lakini sikuyafuata vizuri, kwa maana ile sauti ya mwanamke nilikuwa naijua.

"Umeipata wapi?" nikamuuliza.

"Humu humu kwenye simu, mjomba. Nyimbo za zamani za Wahindi. Huku hakuna anayeijua. Kwenye mashindano wakiniuliza, nitasema nimetunga mwenyewe."

Tulibishana mpaka usiku, na tangu siku ile nimeendelea kubishana peke yangu. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: mtu akichukua sauti ya mwenzake akajengea wimbo wake, anadaiwa nini?

Nikiri mapema kwamba hoja za upande wa kijana ni nyingi, na nyingine nilimpa mimi mwenyewe. Nilimweleza habari za Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kuvalisha mashairi ya Kiswahili ndani ya tuni za filamu za Kihindi. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayesema Juma Bhalo si mwimbaji wetu. Taarabu ya Mombasa yenyewe inapigiwa tabla ya Kihindi na taishokoto ya Kijapani. Hata harmoniamu, ambayo wengi huidhani kuwa ya Wahindi tangu Adamu, ilibuniwa Ufaransa katika karne ya 19. Wahindi nao waliiazima, wakaikalisha sakafuni na kuifundisha lugha yao. Na hapa mkoani kwetu, Salum Abdallah alianzisha bendi Morogoro mwaka 1948 ikaja kuitwa Cuban Marimba, kwa sababu santuri za Kuba zilikuwa zimemteka moyo.

Hao ni wazee. Tukija kwenye kazi yake yeye kijana, hip hop ya Kiswahili ilitambaa kwa magoti ya kuazima. Mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua "Ice Ice Baby" ya Mmarekani Vanilla Ice akaiwekea maneno ya Kiswahili, na nchi nzima ikageuka kusikiliza. Naye Vanilla Ice alikuwa amechukua besi ya wimbo wa Queen na David Bowie wa mwaka 1981 bila kuwataja, mpaka walipodai. Kwa hiyo mtoto wetu wa kwanza kujulikana katika muziki huu alizaliwa kwa mkopo juu ya mkopo.

Mpwa wangu alifurahi sana kusikia hayo. Kisha akatoa hoja yake mwenyewe, na ninakiri ilinikalisha kimya. "Mjomba, mchele wa Kilombero unasifiwa mpaka Dar es Salaam. Mpunga si uliletwa kutoka Asia? Nani hapa Ifakara anaposhika jembe anawataja Wahindi?"

Ni kweli. Mpunga tunaoulima katika bonde hili asili yake ni Asia, ulivuka bahari kabla ya wazee wa wazee wetu. Tumeutia jasho, tumeutilia matambiko, tumeoa na kuzika kwa wali wake. Leo ukimwambia mkulima wa hapa kwamba mpunga si wake atakucheka, na atakuwa na haki ya kucheka.

Nililala na hoja hiyo. Asubuhi nikaona mahali inapovuja. Mpunga hauna mtunzi. Hakuna mtu mmoja aliyekesha usiku akitafuta ladha yake, wala aliyeimba mpaka koo likamkauka ili upatikane. Wimbo unao watu hao, na huwa na majina. Tena ladha ya kazi ya Juma Bhalo ilikuwa katika uwazi wake: waliokuwa ukumbini wengi walikwishaiona filamu, wanaijua tuni, na walikuja kuona Mswahili atafanya nini nayo. Mpwa wangu alikuwa anategemea jambo la kinyume, yaani kwamba hakuna anayeijua. Mtu anayeazima jembe mchana mbele ya watu, na mwingine anayelichukua usiku kwa kuwa mwenyewe amesafiri, wote watalima, na pengine watavuna sawa. Lakini hatuwaiti kwa jina moja.

Jambo hili lilifika mpaka mahakamani huko Marekani. Mwaka 2002 mwimbaji Truth Hurts alitoa wimbo uitwao "Addictive", ambao mtayarishaji wake, DJ Quik, aliujenga juu ya sauti ya Lata Mangeshkar iliyorekodiwa kwa ajili ya filamu ya mwaka 1981 iitwayo Jyoti. Muziki ule ulikuwa wa Bappi Lahiri, na jina lake halikuwekwa popote. Mwaka 2003 mahakama ya Los Angeles iliamuru santuri zile zisiuzwe mpaka jina la Lahiri liandikwe. Inanigusa kwamba amri ilihusu jina. Fedha zilidaiwa pia, tena nyingi, lakini kilichosimamisha mauzo ni jina.

Sikusema hayo ili kumtia kijana hofu ya mahakama. Hakuna wakili wa Bombay atakayekuja Kibaoni. Wala sikutaka aache kuchanganya. Sauti hizi zimekwisha kuzunguka dunia na kurudi kwetu. Kuljit Bhamra, mmoja wa walioijenga bhangra ya Uingereza, alizaliwa Nairobi mwaka 1959 akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2001 Missy Elliott na Timbaland waliweka tabla na tumbi ya Kipunjabi ndani ya hip hop ya Marekani, na vijana wa hapa wakaicheza wakidhani ni mtindo mpya kutoka ng'ambo. Laiti wangejua kwamba sauti za namna hiyo zilikuwa zikisikika katika barabara yao wenyewe kabla hawajazaliwa.

Hapa ndipo penye uzito wangu, na siku ile sikumwambia.

Nilipokuwa mtoto, Ifakara ilikuwa na maduka ya Wahindi. Moja lilikuwa karibu na kwetu: mlango wa mbao, mizani ya shaba, harufu ya mafuta ya taa na bizari. Jioni mwenye duka aliweka redio kwenye dirisha la nyuma, na mkewe aliimba pamoja nayo huku akipepeta mchele. Sisi watoto tulikaa chini ya mwembe upande wa pili tukisikiliza. Nilizijua nyimbo zile kwa moyo bila kujua neno hata moja. Sauti aliyoikata mpwa wangu ilikuwa mojawapo, sina shaka.

Na nyimbo zile zile tulizigeuza. Tulitunga maneno ya kejeli, juu ya ubahili, juu ya nywele, juu ya namna walivyotamka Kiswahili, tukayaimba kwa tuni ile ile mbele ya duka lao. Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kutunga. Pengine kijana amerithi hapo. Mama yule alikuwa akisikia. Aliendelea kupepeta.

Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakatakiwa kuacha nafasi kwa maduka ya ushirika. Mwenye duka aliuza alichoweza. Siku ya safari walipanda treni ya TAZARA, ambayo ilikuwa bado ngeni machoni petu, nasi tulikwenda stesheni kutazama treni. Mmoja wetu akaanzisha ule wimbo wa kejeli, wote tukaitikia. Sikumbuki kama ni mimi niliyeanzisha. Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka kwamba si mimi.

Kwa hiyo mpwa wangu anaponiuliza kama ni halali kupenda wimbo na kumficha mwenyewe, anamuuliza mtu ambaye alifanya lililo baya zaidi. Nilipenda sauti, nikamfukuza mwenye sauti, kisha nikabaki na sauti. Jioni ninapomwagilia mchicha bado naiimba. Je, ni yangu sasa? Miaka hamsini karibu nimeibeba kichwani, kuliko hata nyimbo za mama yangu. Kama kubeba kwa muda mrefu kunatosha kuwa haki, basi ninayo. Siamini kwamba kunatosha.

Wiki mbili baadaye nilimsimulia kijana yote, hata habari ya stesheni. Hakunihukumu, wala hakunifariji. Vijana wa sasa wana adabu ya ajabu katika mambo mazito. Alizima simu yake, akakaa, akasema kwenye mashindano atamtaja Lata Mangeshkar mwanzoni kabisa, kabla ya biti kuingia. "Na huyo mama wa dukani," akauliza, "naye nimtaje. Aliitwa nani?"

Tulikuwa tukimwita Mama Kanjibai, jina tulilompa kila mwanamke wa Kihindi. Nilimwomba kijana anipe siku chache. Nimekwisha kuuliza wazee watatu waliokuwa wakikopa pale dukani. Wanakumbuka mizani, wanakumbuka mwembe, na mmoja bado anakumbuka deni lake, shilingi nne na senti hamsini. Kesho nitavuka daraja kwenda ng'ambo ya Kilombero, kwa bibi mmoja aliyekuwa akiwafulia nguo.