Mtoto Mchanga Alale Wapi?



Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine hamkufundishwa mlipokuwa mkijiandaa kwa ndoa. Mtoto wenu amezaliwa. Mmerudi nyumbani kutoka hospitali, majirani wameleta uji na kwenda zao, giza limeingia. Je, mtoto alale wapi?

Mnaweza kudhani hilo ni swali la fundi seremala tu. Lakini katika nyumba nyingi za Kisumu, na vijijini kandokando ya ziwa, limewagombanisha watu wanaopendana. Mama anasema, "Nataka nimsikie akipumua." Mama mkwe aliyekuja kutoka Asembo au Nyakach anasema, "Watoto wangu wote nililala nao. Kumweka mtoto kwenye kisanduku peke yake ni mambo ya wazungu." Baba hasemi kitu, lakini moyoni anajiuliza kama kitanda hiki bado ni chake. Kila mmoja wao ana haki kidogo. Ndiyo maana swali hili linagusa upendo wenyewe: je, kumpenda mtu ni kumkumbatia bila kumwachilia, au ni kumpa pia nafasi yake?

NYUMBA YA ZAMANI NA CHUMBA CHA LEO

Tuanze na mama mkwe, maana asidharauliwe. Katika boma la Wajaluo wa zamani, kila mke alikuwa na nyumba yake. Mwenye boma alikuwa na duol, kibanda ambamo wanaume walikutana kuota moto na kuzungumza. Mtoto mchanga alilala na mama yake na kunyonya wakati wowote wa usiku. Alipokua alikwenda siwindhe, nyumbani kwa nyanya, akalala huko na wenzake wakisimuliwa hadithi. Mvulana alipobalehe alijengewa simba yake. Kila umri ulikuwa na mahali pake pa kulala, na mtoto mchanga hakuchukua nafasi ya mtu yeyote.

Sasa tazameni chumba cha kupanga kule Nyalenda, Manyatta au Obunga. Kina kitanda kimoja, pazia, jiko na meza. Hakuna duol wala siwindhe. Baba, mama na mtoto wamo juu ya godoro moja, na ndugu zake wakubwa wamelala mkekani upande wa pili wa pazia. Ushauri wa mama mkwe ulikuwa mwema katika nyumba alimoupatia. Lakini nyumba ile haipo tena, na ushauri hauwezi kuhama peke yake. Kumheshimu mzee ni kuelewa alitaka kulinda nini. Alitaka mtoto awe karibu na titi na joto la mama yake. Hilo tulishike kwa mikono miwili.

HOFU YA KWELI

Mnakumbuka hukumu ya Mfalme Sulemani katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3. Wengi wetu tunakumbuka upanga, tukasahau jinsi kesi ilivyoanza. Wanawake wawili walikaa nyumba moja, kila mmoja na mtoto wake mchanga. Usiku mmoja mtoto wa mmoja wao akafa, kwa kuwa mama yake alimlalia. Mama huyo hakukusudia kuua. Kosa lake lilikuja baadaye, alipombadilisha mtoto wa mwenzake.

Hofu ya kumlalia mtoto, basi, ni ya zamani, na si ya nchi moja. Mwaka 1732 Royal Society ya London ilichapisha maelezo ya chombo kilichotumiwa huko Florence, Italia. Kilikuwa fremu ya mbao yenye upinde, iliyomkinga mtoto kitandani ili shuka na mwili wa mlezi visimwangukie. Ubavuni kilikuwa na nafasi ya kumnyonyesha. Maelezo hayo yalisema kwamba walezi wa Florence walilazimika kukitumia, la sivyo wangetengwa na Kanisa. Kwa hiyo kitanda cha mtoto cha ubavuni kina babu yake, tena wa siku nyingi.

Madaktari wa siku hizi wanasemaje? Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, karibu na kitanda chao, lakini juu ya godoro lake mwenyewe, angalau kwa miezi 6 ya kwanza. Huko Uingereza, mwongozo wa mwaka 2021 unawataka wauguzi wazungumze na wazazi juu ya namna ya kupunguza hatari kama watalala na mtoto. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya hatari kubwa: mzazi aliyelewa au aliyemeza dawa za usingizi, mzazi anayevuta sigara, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo, na kusinzia na mtoto kwenye kochi. Kama mtoto wenu ni njiti, fuateni maelekezo ya wauguzi wenu, hasa wakiwaambia mmbebe kifuani, ngozi kwa ngozi.

Hapa nina ombi. Mtoto mchanga akifa usingizini, mara nyingi hata daktari hawezi kusema sababu. Basi msiende matangani mkanong'ona, "Amemlalia." Neno hilo limevunja mioyo ya akina mama wasio na hatia, na limevunja ndoa. Tunajifunza juu ya hatari ili tulinde watoto walio hai. Hatujifunzi ili tuwahukumu wafiwa.

KARIBU BILA KUMFUNIKA

Turudi kwa Sulemani. Kesi iliishaje? Mama wa kweli alijulikana kwa sababu alikuwa tayari kumwachilia mtoto aende mikononi mwa mwingine, mradi aishi. Yule wa pili alikubali mtoto akatwe vipande viwili, asiwe wa yeyote. Tumezoea kufikiri kwamba anayeshika sana ndiye anayependa sana. Sulemani aliona kinyume chake.

Kitovu cha mtoto kimekatwa. Huyu si kiungo cha mwili wako tena, ni mtu kamili aliyekabidhiwa kwenu na Mungu. Unapomlaza katika kitanda chake kilichopakana na chako, umbali wa mkono mmoja tu, humfukuzi. Unamsikia akipumua, unanusa nywele zake, ukinyoosha mkono unamgusa. Lakini mwili wako hauwezi kumfunika. Upendo wa wazazi unatakiwa uwe hivyo maisha yote: karibu kiasi cha kusikia, bila kumziba pumzi.

Mtu atasema, "Mtoto wa siku tatu hajui mambo ya nafasi. Anajua joto na maziwa." Ni kweli kabisa. Ndiyo sababu hatusemi apelekwe chumba kingine akafunzwe kujitegemea. Hakuna fadhila ya kujitegemea kwa mtoto mchanga, na anayemwacha alie ili awe hodari anajidanganya. Nafasi ile ndogo inamlinda mtoto, na inatufunza sisi wazazi. Ni zoezi la kwanza la jambo tutakalolirudia siku ya kwanza ya shule, siku ya kwenda bweni, na siku ya arusi yake.

NA BABA JE?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wapo wanaume wanaoona kwamba mgeni huyu amewapokonya kitanda. Mvuvi wa omena hutoka na taa zake giza likiingia, na hurudi alfajiri akiwa amelowa na kuchoka. Akikuta upande wake wa kitanda umekaliwa, na mkewe hana nguvu hata ya kumwuliza habari za ziwani, moyo unaweza kuuma. Dereva wa usiku na bawabu wanayajua hayo pia.

Mababa, kuumia kwenu tunakuelewa. Lakini kuumia si ruhusa. Tunajua yanayotokea katika baadhi ya fuo zetu, ambapo mwanamke hupewa samaki kwa sharti la kutoa mwili wake, biashara inayoitwa jaboya. Tunajua pia jinsi ukimwi ulivyoacha mayatima katika vijiji vya ziwa. Mwanamume anayesema alikwenda huko kwa sababu mtoto alikuwa kitandani, anamtwika mtoto wa wiki tatu mzigo wa dhambi ya mtu mzima.

Nanyi akina mama, msimlaze mtoto katikati kama ukuta. Mwili wako unahitaji muda wa kupona, na mume anapaswa kungoja kwa upole. Hilo ni haki yako, basi liseme kwa kinywa chako. Kama una hasira naye, mweleze. Usimfanye mtoto aseme kwa niaba yako.

Kitanda cha mtoto hurudisha nafasi, lakini hakirudishi mazungumzo. Hayo mtayarudisha wenyewe. Baba anaweza kuanza usiku uleule aliopo nyumbani. Mtoto akilia, yeye amwinue, ambadilishe nepi, amkabidhi kwa mama anyonyeshwe, kisha amrudishe mahali pake. Huo si msaada anaompa mkewe, ni sehemu yake ya malezi. Tena ni ulinzi, kwa kuwa mama asiyepumzika ndiye anayesinzia na mtoto kifuani bila kukusudia.

MKIENDA KWA FUNDI

Pale Kibuye, mjini Kisumu, wapo maseremala wa kila namna. Nendeni wawili, mkiwa na kipimo cha urefu wa kitanda chenu tangu sakafuni hadi juu ya godoro. Mwambieni fundi mnataka kitanda cha mtoto kinachopakana na chenu, magodoro yakilingana kimo, na kifungwe imara kwenye kitanda chenu pasibaki mwanya. Mtoto anaweza kuingiza uso katika mwanya mdogo akakosa hewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa ni hatari kuliko ukuta wowote.

Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye. Godoro liwe gumu na lienee kitanda chote. Alale chali. Msiweke mto, blanketi zito, wala vikaragosi. Mkiuziwa kitanda kilichotumika kutoka ng'ambo, kikagueni: kama ubavu wake ni wa kushuka na kupanda, kiacheni. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitanda vya namna hiyo mwezi wa Juni 2011, baada ya watoto kufa walipobanwa.

Huku ziwani kuna jambo jingine, nalo ni malaria. Utafiti uliofanywa Asembo na Gem, Siaya, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto wa mwezi mmoja hadi mwaka mmoja kwa karibu robo. Chanjo ya malaria iliyozinduliwa Homa Bay mwezi wa Septemba 2019 ilipangwa kuanza mtoto akitimiza miezi 6. Kabla ya hapo, chandarua ndicho ngao yake. Hapa kitanda cha ubavuni kina faida kubwa: chandarua kimoja kipana cha mstatili, kikichomekwa vizuri pande zote, kinaweza kuwafunika watatu.

Wapo wanaoogopa kuandaa kitanda kabla ya mtoto kuzaliwa, wakisema ni kuita mkosi. Msiwacheke. Hofu hiyo iliachwa na wazazi waliozika watoto wengi. Lipeni fundi, na kitanda kikae kwake hadi siku ya furaha.

Na kama fedha hakuna, msikope. Kitanda hiki hutumika miezi mitano au sita tu, kwani mtoto akianza kugeuka na kujiinua lazima ahamie chenye kuta ndefu zaidi. Kapu imara la mafunjo au la gugumaji, lenye kitako bapa na kigodoro kigumu, likiwekwa mkekani chini ya chandarua, linatosha. Mwana wa Mungu alilazwa horini, na Mama Maria hakuwa maskini wa upendo kwa ajili hiyo. Waliojaliwa kitanda, wakimaliza kukitumia, wakaze skrubu zake na wakipeleke kwa jirani katika Jumuiya anayetazamia kujifungua.

Mama mkwe akiuliza tena, mwonyesheni. Akae ukingoni mwa kitanda chenu na anyooshe mkono. Ataona mwenyewe kwamba mjukuu wake yuko pale pale alipotaka awe: karibu na titi na joto la mama yake.

YA KUZUNGUMZA WAWILI

1. Ni nani aliyeamua mtoto wetu alale wapi? Je, tuliamua pamoja, au mmoja wetu alinyamaza tu?

2. Tangu mtoto aje, kuna jambo ambalo nimemwachia mtoto "aseme" badala ya kumwambia mwenzangu mwenyewe?

3. Usiku wa leo, mtoto akilia, nani atafanya nini?

4. Ni familia ipi katika Jumuiya yetu inayotazamia mtoto, na tunaweza kuipa nini?