Ikipewa Muda

Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili nilipewa kazi ya kusaidia kufundisha kemia ya mwanzo: kuongoza semina mara mbili kwa wiki, kusimamia maabara, na kusahihisha majaribio kwa kufuata mwongozo wa mhadhiri. Jaribio moja lilikuwa na swali la alama mbili. Kaboni dayoksaidi ikiwekwa pamoja na hewa ndani ya chombo kimoja, nini kitatokea? Mwongozo ulisema: gesi zitachanganyika na kujaza chombo chote kwa usawa.

Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba kaboni dayoksaidi italala chini, na atakayepumulia chini atakufa. Nikampa sifuri, nikachukua karatasi iliyofuata.

Alinisubiri mlangoni baada ya semina. Hakuja kugombana. "Mwalimu," alisema, "mimi nimekulia Goma. Hiyo gesi naijua. Kwetu tunaiita mazuku."

Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo, ingawa ni la Kiswahili na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha gesi. Akanieleza. Katika nchi ile ya volkano, kando ya Ziwa Kivu, kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama kwenye mabonde madogo na mashimo ya miamba ya lava. Haina rangi wala harufu. Hatari zaidi ni alfajiri, wakati upepo umetulia. Mtu mzima anaweza kupita pembeni akiwa wima asihisi kitu. Mbuzi akishuka, anaanguka. Akija mtoto kumshika, naye anaanguka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mtoto wa jirani yetu alimfuata mbuzi." Sikuuliza zaidi.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Moli moja ya kaboni dayoksaidi ina gramu 44. Ya hewa, kama 29. Kwa hiyo inapotoka ardhini hushuka na kufuata mteremko, kama maji. Ni kweli pia kwamba molekuli zake hazitulii, na mwisho wake ni kuchanganyika na hewa, na zikishachanganyika hazitengani tena. Mwongozo haukukosea. Lakini nilipokokotoa mwendo wa mchanganyiko huo pale ambapo hewa haitikisiki, nilipata kwamba molekuli huhitaji kama saa nane au tisa kusambaa umbali wa mita moja tu. Na wakati huo wote ardhi inaendelea kutoa nyingine. Upepo usipovuma, shimo halisafiki.

Basi nani alikosea? Swali hili limenisumbua kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sikusema uongo. Kanuni niliyoifundisha ni ya kweli. Ila kuna maneno mawili niliyoyaacha: ikipewa muda. Gesi ya kitabuni haina alfajiri wala jioni. Tunaikuta ikiwa tayari imeshatulia. Yule mtoto hakuwa na saa nane.

Nimeanza kuamini kwamba mtu anaweza kusema kweli na bado akamdhulumu anayemsikiliza. Mtu mzima aliyesimama ukingoni mwa shimo akisema "hapa hewa ni nzuri" ni shahidi mwaminifu. Amepumua, ameona, hana sababu ya kudanganya. Kasoro yake ni kwamba ushahidi wake unaishia kwenye kimo cha pua yake. Ili ajue hali ya aliye chini, hana budi kumwamini mtu mwingine: aliyewahi kuona mbuzi akianguka, hata kama mtu huyo anaeleza kwa lugha ambayo haimo kwenye mwongozo.

Nilikumbuka rafiki yangu tuliyemaliza naye shahada ya kwanza. Mwaka wa pili sasa anatafuta kazi. Kila anaponipigia simu humwambia kwamba mambo yatakaa sawa, na naliamini hilo kwa dhati. Lakini mimi naliamini nikiwa na posho inayoingia kila mwezi, na yeye analisikia akiwa anadaiwa kodi ya chumba. Sijawahi kumuuliza atakula nini hadi hapo mambo yatakapokaa sawa.

Nilipeleka suala la ile karatasi kwa mhadhiri. Nakiri nilichelewa siku mbili, kwa aibu tu ya kuonekana sikujua. Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo bado naliheshimu: huwezi kufundisha kila kanuni pamoja na mashimo yake yote, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atazama. Kwanza apate picha rahisi, mengine yatafuata. Na swali, alinikumbusha, lilihusu chombo, halikuhusu bonde.

Ana haki. Tusiporahisisha, hatufundishi chochote. Lakini nadhani kuna tofauti kati ya kurahisisha na kufuta. Anayerahisisha anaacha alama pale alipokata, ili atakayepita baadaye ajue kuna kitu kimebaki. Mimi sikuacha alama yoyote. Na alipotokea mwanafunzi mmoja anayekijua kile kilichobaki, tena kwa gharama kubwa kuliko ada yake, nilimpa sifuri.

Mhadhiri aliniachia niamue. Nilimpa alama moja kati ya mbili, kwa sababu jibu lake lilieleza mwanzo wa jambo na kuacha mwisho wake, kama la mwongozo lilivyoeleza mwisho na kuacha mwanzo. Nilipomrudishia karatasi aliitazama, akasema "asante, mwalimu," akaikunja. Sijui kama ile alama ilikuwa haki yake au ilikuwa dawa ya dhamiri yangu.

Siku hizi nikiandika ubaoni kwamba gesi hujaza chombo chote, namalizia kwa maneno yale mawili. Wengi huyanakili bila kuuliza. Muhula huu msichana mmoja wa safu ya nyuma aliinua mkono: "Muda gani?" Nikamwambia achukue kalamu, tukokotoe.