Nani atashika pembe ya nne?



Leo tunataka kusema juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Ibanda, na lililotuletea haya. Hatulisemi kwa kumhukumu mtu. Tunalisema kwa sababu swali lake lingali linatusumbua: je, mtu anaweza kumpenda mwenzake kwa kweli, na wakati huohuo akamwacha peke yake?

Mama mmoja mjane wa kusanyiko letu alipaswa kupasuliwa tumboni. Siku ya Mungu mtangazaji alisimama mbele ya watu wote, akataja jina lake, akataja na ugonjwa wake. Tukaitika Amina. Tulipotoka nje, kila mmoja alimshika mkono akamwambia: «Mama, usiogope, tuko pamoja. Ukihitaji kitu utuambie.»

Magharibi ya siku ya mbele ya kupasuliwa tulijaa chumbani mwake hata wauguzi wakatutoa. Vyungu vitano vya chakula vilifika, bugali, sombe na sambaza, na yeye alikuwa amekatazwa kula tangu usiku ule. Asubuhi mmoja wetu alimhurumia, akampa kikombe cha uji, maana aliona ni vibaya mama aende kwenye kisu na njaa. Mganga wa usingizi alipomwuliza, mama hakusema uongo. Kazi ikasogezwa siku sita mbele, na siku sita za kitanda zinalipwa.

Mara ya pili yote yalikwenda vizuri, Mungu asifiwe. Lakini siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani hakuna aliyekuja. Waimbaji walidhani kwamba wamama watakwenda. Wamama walidhani kwamba wazee wametuma taksi. Wazee walidhani kwamba jamaa yake wapo. Alikaa kwenye benchi tangu saa nne ya asubuhi hata saa kumi, kikapo chake miguuni, kiisha akapanda pikipiki na kidonda kibichi tumboni, kwa barabara ile ya mashimo ambayo sote tunaijua.

Tulipokwenda kumwomba msamaha, hakukasirika. Alituambia tu: «Mlisema tuko pamoja. Siku ile nilimtafuta huyo ‹tuko› njiani, sikumwona.»

Neno lile lilitukata. Maana kila mmoja wetu, aliposema «sisi», alikuwa anamfikiri mwingine.

1. Je, ulikuwa upungufu wa upendo?

Sisi tunasema hapana. Aliyempa uji alimpenda. Waliopika vyungu vitano walimpenda, na siku hizi kununua chakula cha kujaza chungu si jambo dogo. Upendo ulikuwapo, hata ulizidi mahali pamoja ukakosekana mahali pengine, kama mvua inayoangusha nyumba kwenye kilima kimoja huku mashamba ya ng'ambo yanakauka.

Wengine kati yetu wanasema: upendo hauandikwi. Kuandika majina, nani atakuja siku gani na saa gani, ni mambo ya ofisi. Mtu mwenye moyo atakwenda bila kuandikwa. Neno hili lina uzito, na wanaolisema ni watu wanaokwenda kweli. Lakini tuangalie mambo matatu.

La kwanza ni yule mgonjwa wa kupooza wa Kapernaumu, katika Marko sura ya 2. Alibebwa na watu wanne. Mkeka una pembe nne, na kila pembe ilikuwa na mtu wake. Kama watu arobaini wangalimpenda na watatu tu wangalishika, angalianguka njiani. Tena walipoukuta mlango umejaa watu, walikubaliana kupanda juu na kufungua dari. Ile nyumba ilijaa watu waliompenda Yesu, na ndio hao walioziba njia ya mgonjwa. Sisi na vyungu vyetu tulikuwa watu wa mlangoni.

La pili ni kanisa la Yerusalemu, katika Matendo sura ya 6. Wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika ugawaji wa chakula cha kila siku. Mitume hawakusema kwamba watu wazidishe moyo tu. Walichaguliwa watu saba, majina yao yakatajwa mbele ya wote, na kitabu kimeyahifadhi mpaka leo. Basi kuandika majina kwa ajili ya mjane hakukuanzia ofisini.

La tatu liko karibu nasi. Wazee wetu wa milima ya Walungu na Kabare walijua tipoyi. Wanne wanabeba, wengine wanafuata nyuma, na kila mmoja anajua ni lini bega lake litapokea. Katika milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, watu wana vyama vya machela vinavyoitwa engozi. Mgonjwa akizidiwa, watu wa kilima wanapokezana kumbeba, na asiyetokea bila sababu anatozwa faini. Mwaka 2010, hospitali ya Bwindi ilipoanzisha bima yake ya afya, ilipitia katika vyama hivyo, kwa kuwa watu walikwisha kuzoea kutegemeana.

2. Je, upendo wenye faini ni upendo?

Hapa mwenye kupinga atatuuliza: mtu anayebeba kwa kuogopa faini, amependa nini? Tumelifikiri sana swali hili, na jibu letu ni hili. Moyo una desturi ya kuchagua. Unamwendea upesi mgonjwa mwenye maneno mazuri, mwenye jina, aliyetusaidia jana. Mgonjwa mkali, mwenye madeni, aliyegombana na nusu ya avenyu, moyo unamwendea polepole. Mapatano yanambeba huyo pia, kwa sababu siku ya kupatana hatukujua ni nani atakayelala juu ya tipoyi. Mapatano ni upendo ulioahidiwa mbele ya kujua sura ya mgonjwa. Ahadi hiyo inatushika siku ambayo moyo umechoka, na hakuna moyo usiochoka.

Lakini mapatano bila moyo nayo yana hatari yake. Yanaweza kugeuka deni. Sote tunaijua likelemba: nimetoa, nitapokea. Ni kitu kizuri kwa biashara. Kwa mgonjwa ni sumu, kwa maana asiye na cha kurudisha atalala akihesabu. Kwa hiyo tulikata shauri: katika daftari tunaandika nani atakuja na lini, hatuandiki nani ametoa kiasi gani. Mgonjwa akipona, ukurasa wake unapasuliwa mbele yake.

3. «Ukihitaji kitu utuambie»

Tulidhani neno hili ni tamu. Sasa tunaona kwamba linamtwika mgonjwa kazi. Yeye mwenye maumivu ndiye ahesabu mahitaji yake, achague mtu wa kumwomba, ashinde haya yake, tena aogope kukataliwa. Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana: mstari wa 2 unataka tusaidiane mizigo, na mstari wa 5 unampa kila mtu mzigo wake mwenyewe. Katika hospitali tumeelewa. Kulala chini ya kisu ni mzigo wa mama peke yake, hakuna atakayelala badala yake. Taksi, maji, chakula, watoto walioachwa nyumbani, hiyo ni mizigo ya wote. Basi kosa ni kumwachia yeye hii ya pili pamoja na ile ya kwanza.

Mwenye kusaidia aje na neno kamili: «Siku ya tano saa nne nitakuwa mlangoni na taksi.» Mgonjwa atajibu ndiyo au hapana, na hapana yake iheshimiwe. Maana tulimkosea mama yule mara nyingine ambayo hakuitaja: hatukumwuliza kama anataka ugonjwa wa tumbo lake utangazwe mbele ya vijana. Mwili wa mgonjwa si tangazo la kanisa. Aulizwe kwanza: nani ajue, na ajue nini.

4. Maombi na kisu

Kuna wanaonong'ona kwamba daftari na taksi ni dalili ya imani ndogo. Katika kanisa lililoanzishwa na nabii, jambo hili tulijibu wazi. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa mji wetu wa Bukavu, amesimulia kwamba alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa. Aliuliza kwa nini baba haongezi na dawa, na baba alimjibu kwamba yeye kazi yake ni kuomba, dawa ni kazi ya wenye kuisomea. Katika jibu lile kila mkono ulipata pembe yake. Yule mtoto akawa mganga. Hospitali ya Lemera, aliyokuwa akiiongoza, ilishambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, hapa katika komini yetu ya Ibanda, na mwaka 2018 akapokea tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya wamama wanaokufa kwa uzazi, wakaonyesha kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutunzwa baada ya kufika. Kuchelewa kwa tatu ni kwa waganga. Kwa kwanza na kwa pili, sisi majirani tuna mkono ndani yake. Basi mwenye kuomba aombe, na saa ileile mwingine awe anatafuta gari.

5. Namna tunavyofanya sasa

Mgonjwa, au jamaa yake, anachagua mtu mmoja kuwa mlango. Maneno yote yanapita kwake, ili mgonjwa asijibu simu thelathini. Mtu huyu anamwuliza mganga, anaandika, anapanga.

Anaandika saa ya kuacha kula na kunywa, na kila mwenye kuingia chumbani anaambiwa. Mtu akilazwa kwa dawa ya usingizi, chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia katika mapafu, na hiyo inaweza kuua. Siku ile uji ni hatari.

Anatafuta watu wawili au watatu walio tayari kutoa damu, mbele ya siku yenyewe, kwa kuwa damu haitafutwi vizuri usiku.

Anapanga nani atalala na mgonjwa usiku, nani atabaki na watoto, na chungu kimoja kwa siku, kisizidi. Anapanga gari la kwenda na la kurudi, na jina la mtu wa kurudi linaandikwa kwanza, kwa kuwa ndilo tulilolisahau. Mwenye kidonda cha tumbo asipande pikipiki, wala asirudi peke yake.

Pesa za taksi na za faktire zinawekwa tayari, mkononi. Mwezi wa 2 mwaka 2025, M23 walipoingia Bukavu na mabenki yakafunga, tulijifunza kwamba pesa iliyo mbali haimbebi mgonjwa.

Na siku kumi baada ya kurudi, mtu mmoja anakwenda kumteka maji na kumbebea makala, kwa maana yeye hatakiwi kuinua kitu kizito. Wakati ule wageni wamekwisha, na mgonjwa anajisikia aibu kuomba tena.

6. Kitanda cha pembeni

Tunamaliza na jambo ambalo mama yule alitusimulia baadaye. Vile vyungu vitano havikutupwa. Katika kitanda cha pembeni alilala msichana aliyetoka mbali, upande wa Shabunda, bila mlinzi wala mgeni. Alikula yeye. Tulipita karibu naye sote jioni ile, ishirini na zaidi, na hakuna aliyemwuliza jina.

Kwa hiyo chini ya kila ukurasa wa daftari tunaacha mstari mmoja mtupu: mstari wa kitanda cha pembeni. Mtu anayekwenda kumwona wetu anauliza huko, kisha anaujaza. Hajui sala zetu, si wa avenyu yetu, na labda hatutamwona tena. Kama «sisi» yetu haimfikii yeye, basi ni jina tu la watu wanaofahamiana.

Wapendwa, siku ya Mungu ijayo kutatangazwa mgonjwa mwingine, kama amekubali kutangazwa. Tukimaliza kuitika Amina, tusikimbilie nje kumshika mkono. Daftari litakuwa mezani, karibu na mlango. Pembe tatu zinapata watu upesi. Angalieni ile ya nne.

Amani ya Bwana ikae nanyi.