Chuo cha Watu Wote: Nani Mwenye Amri?

Liko neno moja lisemwalo mara nyingi katika mabaraza yetu, nalo laonekana kuwa neno la haki. Watu husema: "Chuo kikuu kimejengwa kwa kodi zetu. Waalimu wake hulipwa fedha ya serikali, na serikali ni yetu. Basi kwa nini serikali isimweke mkuu wa chuo imtakaye, na kumwondoa isiyemtaka, na kuagiza yafundishwe yale iyapendayo? Mwenye nyumba haombi ruhusa nyumbani mwake." Neno hili si la upuuzi, wala halisemwi na wajinga. Limesemwa na watawala wenye akili na raia wema. Kwa hiyo yatupasa kulipima taratibu, wala tusilitupe kabla ya kulitazama pande zote.

Huenda msomaji akadhani jambo hili ni la wakubwa wa mjini, halimhusu mtu aliye shambani na jembe lake. Sivyo. Daktari atakayempasua mwanao, mwalimu atakayemfundisha mjukuu wako, fundi atakayepima daraja la mto wenu, wote hutoka katika vyuo hivi. Chemchemi ikitiwa tope huko juu mlimani, anywaye maji ya bondeni ndiye augulaye, naye pengine hajui tope lilitoka wapi.

Kwanza tukiri haki ya serikali, maana ipo. Fedha ya watu haina budi kuhesabiwa. Serikali yaweza kukagua vitabu vya hesabu vya chuo, na kuuliza kila shilingi ilikwenda wapi. Yaweza kusema kwamba nchi ina upungufu wa madaktari au wa waalimu wa hesabu, na kutoa fedha ya kuwasomesha. Yaweza kutunga sheria ya chuo mbele ya Bunge, mchana, watu wakisikia. Tena yaweza kuwakumbusha wasomi deni lao. Mwalimu Nyerere aliwafananisha na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenzake msaada. Mtu huyo asiporudi ni msaliti. Mfano huu ni wa kweli, nasi hatuwezi kuupinga.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1966 mfano huo ulijaribiwa. Wanachuo wa Dar es Salaam waliandamana kukataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Siku hiyo hiyo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, ili isisemwe kwamba awadai wengine asiyoyatoa yeye. Wengi waliusifu uamuzi ule, na sababu za kuusifu hazikukosekana. Walakini hata aliyeusifu aweza kuuliza: aliyewafukuza vijana wale alikuwa nani, baraza la chuo au Ikulu? Ikiwa mtawala mwema aweza kufungua na kufunga mlango wa chuo kwa neno lake, je, mtawala mbaya atakayekuja baada yake atazuiliwa na nini? Desturi haiulizi tabia ya mtu. Njia iliyokanyagwa na mwema, mwovu naye huipita.

Basi hapo ndipo lilipo swali letu. Hatuulizi kama serikali ina haki yo yote juu ya chuo. Twauliza haki hiyo yaishia wapi.

Tazameni mizani ya kununulia pamba. Mizani hiyo si mali ya karani. Imenunuliwa kwa fedha ya wanachama wote, na serikali ina mamlaka ya kuikagua, kuipiga muhuri, na kumshitaki mtu aiharibuye. Lakini siku ya mauzo, mkubwa akija akautia mkono wake juu ya sahani, hata akisema, "Mizani hii ni yetu, nami ni mkubwa wenu," kila mkulima ajua kwamba huo ni wizi. Kwa nini? Kwa sababu faida ya mizani ni moja tu, kusema uzito ulivyo. Ikisema uzito kama mkubwa apendavyo, imekwisha kuwa kipande cha chuma. Wala haidhuru kama mkubwa aliutia mkono ili kumsaidia maskini. Kesho hakuna atakayeiamini tena, si tajiri wala maskini.

Chuo nacho ni mizani ya namna hiyo. Kazi yake ni kupima: kijana huyu amefaulu au hakufaulu, dawa hii yaponya au haiponyi, habari hii ya kale ni kweli au ni hadithi, mpango huu wa kilimo utaleta chakula au njaa. Serikali yaweza kuinunua mizani na kuilinda. Lakini ikitaka kuchagua jibu, yaharibu kitu kile kile ilichokilipia. Kwa hiyo mwenye kutoa fedha ana amri juu ya fedha, bali ukweli haumo katika vitu vinunuliwavyo. Mwenye nyumba huamuru nyumbani mwake, naam. Lakini hawezi kuamuru kuta zisimame ikiwa msingi umeoza.

Haya si mawazo matupu. Nchi zetu zimeyaona. Nchini Kenya, tangu mwaka 1970 mpaka mwaka 2002, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Mkuu wa vyuo vikuu vya umma. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwako mwalimu mmoja, Wangari Maathai, aliyepata shahada ya udaktari mwaka 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1977 alianza kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa mashambani, ili wapate kuni na udongo usichukuliwe na mvua. Mwaka 1982 aliiacha kazi ya chuo ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea kwa hoja ya daftari la wapiga kura. Aliporudi kuomba nafasi yake, aliambiwa imekwisha kujazwa, akaamriwa aihame nyumba ya chuo. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na baadaye chuo kile kile kikaanzisha taasisi yenye jina lake. Tufikiri hasara iliyopatikana katikati ya siku hizo mbili. Hakukosa yeye peke yake. Walikosa pia vijana wa miaka mingi ambao wangalifundishwa naye.

Nchini Uganda mambo yalikuwa mazito zaidi. Makerere ilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, ikakua hata watoto wa Kenya, Uganda na Tanganyika wakaitamani kuliko shule zote. Mwaka 1970 ikawa chuo kikuu chenye kusimama peke yake, na Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Frank Kalimuzo, ambaye kwanza alikuwa mtumishi mkubwa katika serikali ya Obote. Mwezi wa Januari mwaka 1971 Idi Amin akaitwaa nchi kwa silaha. Mwezi wa Oktoba mwaka 1972 Kalimuzo alichukuliwa, wala hakuonekana tena. Katika miaka ile waalimu wengi wakakimbia, na vitabu havikuletwa. Tuangalie jambo moja hapa. Chuo kikizoea kupewa mkuu kutoka katika ofisi za watawala, basi watawala wakibadilika, mkuu huyo ataonwa kuwa mtu wa waliotangulia, hata awe mnyofu namna gani. Kamba iliyomfunga mkuu wa chuo kwa mtawala humvuta pamoja naye shimoni.

Tanzania haikumwaga damu chuoni hivyo, nasi twashukuru. Lakini huko nako, mwaka 1970, aliyewekwa kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Pius Msekwa, alitoka katika cheo cha Katibu Mtendaji wa TANU. Hatuhukumu tabia yake, maana alikuwa mtu wa elimu na mtumishi hodari. Twauliza juu ya kiti, si juu ya mwenye kukikalia: mkuu wa chuo akiwa na mabwana wawili, chama na elimu, siku mabwana hao wakiamuru mambo yasiyopatana, atamtii yupi?

Sasa yafaa tusikilize hoja ya upande wa pili, maana ina nguvu. Watu watasema: "Hao wasomi nao si malaika. Wako wauzao maksi. Wako wanaowapendelea watu wa kabila lao. Wako wanaogoma na kuwaacha wanafunzi wakizurura. Serikali ikiondoa mkono wake, nani atawatawala?" Ni kweli, mabaya hayo yapo. Lakini dawa ya mizani iliyopotoka ni mkaguzi mwenye kanuni, si mkubwa mwenye mkono mzito. Uhuru wa chuo si kukosa hesabu. Ni kutoa hesabu kwa njia iliyoandikwa. Chuo kiwe na baraza ambalo wajumbe wake wana muda uliowekwa, wasiondolewe kwa hasira ya siku moja. Mkuu wake achaguliwe kwa kushindanishwa na wengine, sifa zao zikijulikana. Mwalimu mwenye kosa ashitakiwe, asikilizwe, kisha ahukumiwe. Na mtu aliyeonewa awe na mahali pa kulalamika, ndipo mahakamani.

Jambo hili si ndoto. Mwaka 2003 Rais Kibaki wa Kenya aliacha desturi ya Rais kuwa Mkuu wa kila chuo kikuu cha umma, akaweka watu wengine. Mwaka 2012 ikatungwa sheria mpya ya vyuo vikuu. Hata hivyo mwaka 2020 waziri wa elimu alifuta uteuzi wa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyekuwa amechaguliwa na baraza, na ugomvi ukafika mahakamani. Baadaye mtu yule akaishika kazi yake. Kwa habari hii twajifunza mambo mawili. Sheria peke yake haiuzuii mkono wa mkubwa usinyoshwe. Lakini palipo na sheria, mkono ulionyoshwa waweza kurudishwa. Siku za Kalimuzo hapakuwa na mlango wa kubisha; mwaka 2020 mlango ulikuwapo. Tofauti hiyo si ndogo.

Limebaki neno moja, nalo latugusa sisi wa vijijini kuliko yote. Watu hudhani mkono wa siasa huingia chuoni kutoka juu tu. Lakini mara nyingi umeitwa kutoka chini. Mzazi ambaye mwanawe hakufaulu huchukua kuku na barua, akaenda kwa mbunge, akasema, "Wewe ni mtu wetu, mwingize kijana wako." Wazee wa wilaya hukaa barazani na kudai kwamba mkuu wa chuo kilichojengwa kwao lazima awe mzaliwa wa kwao, wasiulize kama aijua kazi. Mbunge akikataa, huitwa mwenye kiburi, na kura hupewa mwingine. Kisha watu hao hao huja kustaajabu wakisikia kwamba nafasi za chuo zauzwa, na kwamba muuguzi aliyeletwa zahanati hajui kusoma kipimo cha dawa. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Mtoto aliyeingizwa kwa barua amemtoa mwingine aliyeingia kwa jasho, na huyo mwingine ni mtoto wa jirani asiyekuwa na kuku wa kupeleka.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, ikiwa twataka serikali iuondoe mkono wake juu ya mizani, haitupasi kuivuta mikono hiyo kwa siri ituegemee sisi. Mbunge akija kijijini, tusimwombe nafasi ya kijana mmoja. Tumwulize mambo haya: Je, baraza la chuo lachaguliwa namna gani? Hesabu zake zasomwa wapi? Mwalimu aliyeondolewa alipewa nafasi ya kujitetea? Maswali haya hayahitaji shahada. Yahitaji moyo usioogopa na usiotaka upendeleo.

Swali letu lilikuwa hili: chuo kilichojengwa kwa fedha ya wote, nani mwenye amri juu yake? Twajibu hivi. Ni amana. Serikali ni mlinzi wa amana hiyo, si mrithi wake. Na waalimu ni watumishi wake, si wenyewe. Wenyewe ni watu wote, hata wale ambao hawajazaliwa, nao hawapo kupiga kura wala kuandamana. Mlinzi wa mali ya yatima ana uwezo mwingi juu ya mali hiyo, nao wote amepewa kwa faida ya yatima. Siku aitumiapo kwa faida yake mwenyewe, hata akitumia senti moja, jina lake limekwisha kubadilika.