Deni la Msomaji

Utete umekaa upande wa kusini wa Mto Rufiji, mto uwapao watu riziki na kuwatoza ushuru wake. Maji yakipanda, kama yalivyopanda mwezi Aprili 2024 yakafunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, hayachagui baina ya gunia la mpunga na kitabu. Hata katika mwaka usio wa gharika, unyevu na mchwa hufanya kazi yao kimyakimya. Mahali kama hapo kitabu kilichoshonwa vibaya ni mali ya muda mfupi: uzi ukikatika kurasa hutawanyika, na elimu iliyokusanywa kwa miaka mingi hupotea ukurasa baada ya ukurasa.

Basi lazuka swali. Je, yafaa maktaba ya chuo kikuu iwe na karakana ya kuwafundisha vijana kujalidi vitabu na kupiga chapa kwa herufi za risasi, ama hiyo ni kazi ya fundi isiyomhusu msomi? Wako wasemao haimhusu, na hoja yao si dhaifu. Mtambo wa leo hutimiza kwa saa moja kazi ambayo mkono ungeifanya kwa siku nyingi. Tena mzazi wa Utete auzaye mpunga ili kulipa ada hatazamii mwanawe arudi na sindano na gundi.

Walakini Kiswahili chenyewe kina deni kwa mikono ya namna hiyo. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na matbaa ya misheni yake ikapiga chapa kitabu cha lugha ya Kisambaa mwaka 1867 na cha Kimakonde mwaka 1876. Miongoni mwa waliofundishwa kazi katika matbaa hiyo walikuwamo vijana waliookolewa utumwani. Mtu aliyekuwa amehesabiwa kuwa bidhaa alisimama mbele ya kisanduku cha herufi, akayapanga maneno ambayo wengine wangeyasoma. Jina la mtungaji lajulikana. Majina ya wapangaji ni wachache wayajuao. Asomaye bila kuwakumbuka hakuiba kitu, lakini amekula karamu bila kumwuliza mpishi.

Kazi yenyewe ni mwalimu. Mpangaji huokota herufi moja moja na kuisoma kinyume, kama sura katika kioo. Kosa lisiloonekana kabla ya kupiga chapa hurudiwa katika kila karatasi. Kijana aliyepanga ukurasa mmoja kwa namna hii hatatupa maneno ovyo atakapoandika mwenyewe. Mjalidi naye hukunja, hushona, hupaka gundi, hukandamiza, kisha hungoja. Akifanya haraka jalada hupinda. Na mshono ulio imara kuliko yote hufichwa mgongoni mwa kitabu, usionwe na wa kuusifu.

Iko hoja nyingine, nzito zaidi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imehifadhi miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, J. W. T. Allen aliiorodhesha katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Karatasi za namna hiyo zaweza kuuawa na mtu azipendaye. Ukanda wa gundi ubandikwao juu ya mpasuko huonekana msaada leo, lakini miaka ikipita huacha doa la manjano lililozama katika karatasi. Hali gundi ya wanga iliyopikwa vema hushika, na hulainika kwa maji pindi atokeapo fundi bora wa kuitengeneza upya. Mapenzi pasipo ujuzi huharibu, na ujuzi ulio bora humwachia ajaye nafasi ya kusahihisha.

Si lazima kila mwanafunzi awe mjalidi. Yatosha kwamba mara moja maishani ameshona kitabu kwa mkono wake, akajua gharama ya kitu alichozoea kukipokea. Na yule arudiye Utete na sindano na gundi hakumdanganya mzazi wake, ikiwa pamoja na shahada aliyoipata aweza kuufungua msahafu wa chuoni uliolegea, au daftari la shule lililolowana, na kuurudisha kila ukurasa mahali pake kabla mvua nyingine hazijaanza.