Kaburi la Harkhuf na Mtu Asiyetajwa Jina

Maji yashukayo mteremko wa magharibi wa mlima Ruwenzori, upande wetu wa Mutwanga nchini Kongo, huingia mto Semliki, hufika Ziwa Albert, kisha hushika njia ndefu ya Nili mpaka Aswan katika nchi ya Misri, ambako, juu ya kilima cha ukingo wa magharibi kiitwacho Qubbet el-Hawa, yamechongwa mwambani makaburi ya wakuu waliolinda mpaka wa kusini wa ufalme ule wa kale. Miongoni mwao amelala Harkhuf, mtumishi wa wafalme Merenre na Pepi wa Pili, aliyeishi miaka zaidi ya 4,200 iliyopita. Na sisi tunaokaa karibu na chimbuko la maji yale tunayo sababu ya kuyasoma maandishi ya kaburi lake kama watu yanaowahusu.

Harkhuf alisafiri mara nne kwenda nchi ya Yam, kusini mwa Misri. Safari ya kwanza alifuatana na baba yake Iri, wakachukua miezi saba. Ya pili ilichukua minane. Na katika ya tatu alirejea na punda 300 waliobeba ubani, mpingo, mafuta, ngozi za chui na pembe za ndovu. Haya yote aliyaandikisha usoni pa kaburi, na kabla ya kuzitaja safari akaziweka fadhila zake: kwamba alimpa mwenye njaa mkate, akamvika aliye uchi, akamvusha mto asiye na chombo, wala hakumsengenya mtu mbele ya mwenye nguvu, kwa kuwa alitaka mambo yake yawe mema mbele ya mungu mkuu. Mimi simdhanii unafiki. Mtu anayetoa ushahidi wa namna hiyo mahali ambapo majirani zake na watoto wao watapita na kuusoma, huenda alitenda mengi katika hayo aliyoyataja.

Lakini fahari ya kaburi hilo ni waraka wa Pepi, aliyekuwa mtoto bado alipouandika. Katika safari ya nne Harkhuf alileta kutoka kusini mtu wa kimo kifupi, ajuaye ngoma za mungu, wa nchi ambayo Wamisri waliiita ya wakaao upeo wa dunia. Mfalme mdogo akafurahi furaha isiyo kifani. Aliamuru mtu huyo aletwe upesi, akiwa hai na mwenye afya; awekewe walinzi pande zote chomboni asije akatumbukia majini; na usiku, alalapo hemani, akaguliwe mara kumi; kwani, alisema, alitamani kumwona kuliko tunu zote za nchi ya madini na za nchi ya Punt. Harkhuf aliuona waraka huo kuwa heshima kubwa kupita zote, akauchongesha wote usoni pa kaburi, na kwa ajili hiyo umetufikia.

Tuna jina la mfalme, jina la mkuu, jina la baba wa mkuu, hata jina la Bawerded, aliyeleta mtu wa namna hiyo kutoka Punt zama za mfalme Isesi. Jina la aliyekaguliwa mara kumi kwa usiku mmoja halimo, wala halimo neno lolote la kutuambia kama aliulizwa iwapo anataka kwenda. Alihifadhiwa kwa uangalifu ambao wenye njaa wa Aswan hawakuupata, na uangalifu wenyewe ulikuwa wa kutunza mali.

Asiseme mtu kwamba huo ulikuwa ujinga wa kale. Mwaka 1904 Ota Benga, kijana wa Kongo mwenye kimo kifupi, alipelekwa maonyesho ya St. Louis, Marekani; mwaka 1906 akawekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, watu wakaja kumtazama, mpaka wachungaji weusi walipopaza sauti akatolewa. Alijiua mwaka 1916.

Swali la dini hapa ni hili: nani ana haki ya kuandika hesabu ya maisha ya mtu? Harkhuf aliiandika mwenyewe. Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo matendo ni yale yale, mkate kwa mwenye njaa na nguo kwa aliye uchi, lakini wenye haki hawana orodha. Wanastaajabu na kuuliza ni lini walimwona Bwana katika hali hiyo, na waovu nao wanauliza vivyo hivyo. Hesabu imo mikononi mwa yule aliyetendewa. Kwa kipimo hicho shahidi mkuu wa Harkhuf ni mchezaji wa ngoma aliyekuwa chomboni, naye hakuachiwa nafasi ukutani.

Kwetu jambo hili lina watu wake. Bambuti, watu wa kimo kifupi, wanaishi katika misitu ya Beni na Ituri, na tarehe 15 Julai 2022 Kongo ilipata sheria namba 22/030 ya kulinda haki zao, pamoja na haki juu ya ardhi wanayoishi. Mwenye cheo wa Beni au wa sekta ya Ruwenzori aliyekabidhiwa sheria hiyo ana madaraka madogo kuliko ya Harkhuf, ila amepewa kazi ambayo hakuna mfalme aliyemtuma Harkhuf aifanye: kabla ya kukata mpaka wa shamba, wa barabara au wa hifadhi, aende kwa Mmbuti, aulize ridhaa yake, na aliandike jina lake pamoja na jibu lake, hata likiwa jibu la kukataa.